Mbwa wa Bwana Harusi

Bweranyange, mwanzo wa Mfunguo Tisa, 1330

La, dada Mwaja, halii usiku kucha kama mlivyoambiwa na wale wachukuzi wa ngozi. Analia nusu ya usiku, na nusu iliyobaki anakoroma, na ukinilazimisha kuchagua nitakuambia afadhali kilio.

Lakini nimeanza katikati kama kawaida yangu, na najua umeshakunja uso. Shikamoo dada. Hujambo wewe, na Shemeji Saleh hajambo? Watoto je, yule mdogo ameacha kula udongo? Na Mama magoti yake yanaendeleaje na baridi ya huko ziwani? Sisi huku Bweranyange tu wazima. Mvua zimekatika, maharage yameanikwa kila ua, na mume wangu Othman anakusalimu sana. Mume wangu Othman. Nimeandika mara mbili kwa sababu napenda kuyaona maneno hayo yakikaa pamoja kwenye karatasi. Baba alipotufundisha kuandika nilidhani kazi yake ni barua za biashara tu.

Umeniuliza kama Masikio atafaa kwenu Bukoba, maana Shemeji amesikia kwamba baba mkwe wangu hamtaki, naye angependa kumweka alinde ghala la ngozi. Nitakujibu, dada, ila si kwa neno moja, kwa kuwa ndani ya jibu mna habari zangu mwenyewe, na nyingine hazifai kusomwa kwa sauti mbele ya Mama. Ukifika mahali pa kunyamaza nitakuonya.

Kwanza ujue nyumba hii ilivyo. Baba mkwe wangu, Mzee Shehe, ni mtu wa Pangani aliyekuja na msafara wa pembe ujanani akasema atapumzika kidogo, akaoa hapa, na bado anapumzika. Mama mkwe ni mwenyeji, mtu wa Kibingo, alisilimu alipoolewa. Basi nyumba moja ina desturi mbili, na kila jambo huamuliwa na yule atakayechoka wa mwisho kusema. Uliponiaga huko ulijua nitakaa fungate ya siku saba kama sisi tulivyozoea. Siku ya nane nilivaa nikajipaka wanja, nikafungua mlango, nikamkuta Mama mkwe amekaa kizingitini na kibuyu cha maziwa. Akasema siku saba ni za kupumzisha miguu tu. Kwao bibi harusi hukaa ndani miezi, hanyanyui ufagio, haonwi na mtu wa nje, anakunywa maziwa na kupakwa samli mpaka ngozi ing'ae, ndipo atolewe kwa sherehe. Na mume wake haruhusiwi kukutwa naye mchana. Mzee Shehe akasema sheria haikutaka hivyo. Mama mkwe akajibu kwamba sheria haikukataza pia, akaniongezea maziwa.

Akaniambia na jambo jingine, kwa upole kabisa, huku ananipaka samli mgongoni. Bibi harusi akivunja utawa akaonekana nje, utawa wote huanza upya kutoka siku ya kwanza, na bwana harusi huhamia kulala dukani mpaka umalizike. Dada, tangu siku ile sikuogopa kitu kingine duniani. Simba si kitu. Kulala mbali na Othman, na mimi nimempata juzi tu, hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Naye Othman, Mungu amhifadhi, hakuwa bora kuliko mimi. Duka liko ng'ambo ya njia, na kila mara alikuwa amesahau kitu nyumbani. Mara mkasi, mara sindano, mara mkasi tena. Mama mkwe akaufunga mkasi kwa kamba akamvisha mwanawe kiunoni, akamwambia akisahau tena atamfunga na duka. Bado alikuwa akipita, akisimama nyuma ya ukuta na kuniuliza nimekula nini. Hakuna mtu aliyewahi kuulizia habari za ndizi za kuchemsha kwa sauti tamu namna ile.

Sasa mbwa. Aliletwa siku ya harusi na Mjomba Kaijage, kaka yake Mama mkwe, ambaye ni mkuu wa wawindaji kule Kibingo. Watu wengine walileta mbuzi na shuka. Yeye aliingia uani akivuta kwa kamba kitu ambacho wanawake walidhani ni ndama mgonjwa. Alikuwa amepewa na Mdachi mmoja mpima mipaka, aliyepita kwao mbwa akiwa na miguu iliyovimba, hawezi hatua moja zaidi. Zawadi ya mjomba kwa mpwa wake hairudishwi hivi hivi, na Mzee Shehe, ambaye hajagusa mbwa tangu azaliwe, alimshukuru shemeji yake kwa mdomo huku miguu ikirudi nyuma.

Ungemwona, dada. Masikio yanaingia bakulini kabla ya mdomo, ndiyo sababu ya jina lake. Ngozi ya uso imemzidi kama kanzu ya kuazima. Macho ni ya mtu aliyetoka mazikoni sasa hivi. Mbwa wa windo wa wenyeji hawabweki, hufungwa njuga shingoni ili mwenyewe ajue walipo. Huyu hahitaji njuga. Akishika harufu hutoa sauti ndefu nzito kama baragumu, na haachi mpaka afike kwenye mwisho wa harufu yenyewe.

Hapo ndipo Shemeji anapopaswa kufikiri. Akili ya mbwa huyu haimo kichwani, imo yote puani. Harufu ikimshika, mwite, mpigie makelele, mwonyeshe nyama, hasikii, pamoja na masikio yote yale. Ukimwacha bila kamba utamfuata vijiji viwili. Asipotembezwa kila siku huchimba, na ameshachimba mashimo matatu ya kuzikia watu nyuma ya jiko. Akiachwa peke yake hulia kwa huzuni mpaka majirani wanakuja kutoa pole. Mate yake hata sitayaeleza. Na kulinda hajui. Mwizi akija atamlamba mikono amkaribishe. Kesho yake atakuongoza mpaka mlangoni kwa mwizi huyo bila kukosea, lakini mali yako itakuwa imekwisha kuliwa. Tena ghala la ngozi za ng'ombe, dada. Ni kama kumfungia Shemeji ndani ya chumba kilichojaa pilau na kumwambia alinde.

Lakini ana moyo mwema kuliko watu wengi. Alichagua kulala nje ya mlango wangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyenuka kuliko vyote katika nyumba hii, maziwa na samli, na juu yake ule udi ulionichanganyia wewe, ambao nafukiza nguo zangu kila siku ili Othman akipita aujue. Mama mkwe akasema mwanawe na mbwa wake wana ugonjwa mmoja, wote wawili hawawezi kupita mlango ule bila kusimama na kuvuta pumzi.

Basi ikawa siku Mzee Shehe ana wageni wa heshima kutoka Ujiji. Sinia la pilau liliwekwa barazani kusubiri wamalize kunawa, nao walipogeuka walimkuta Masikio ameshasoma bismillahi yake. Mzee aliamuru sinia lioshwe mara saba, moja kwa udongo, kama ilivyo. Mama mkwe akamuuliza kama anajua kijito kilipo. Mzee akasema sheria ni sheria. Mama mkwe akasema vizuri, basi sheria ibebe mtungi. Wageni wakatazama dari. Kwa aibu ile Mzee akatamka mbele yao wote kwamba mbwa aondoke, na Othman, mtoto mwenye adabu, akaitikia kwamba amemtoa, atamtuma kwa Shemeji Saleh Bukoba na msafara wa kwanza utakaopita. Hayo ndiyo mliyoyasikia huko, na mpaka hapo ni kweli.

Sasa, dada, nyamaza usome kwa macho. Mpe Mama uzi akutungie sindano.

Kabla msafara haujapatikana, nguruwe wa porini walivamia bondeni wakafukua viazi vya watu wote. Mjomba Kaijage akaja na wawindaji wake na mbwa wenye njuga, akamchukua na Masikio kwa windo la kuagana. Mzee Shehe naye alikwenda, si kwa kula, ila viazi vilivyofukuliwa vilikuwa vyake na alitaka kumwona mkosaji kwa macho. Mama mkwe alitoka na wanawake kutazama kutoka kilimani. Othman alisema tumbo linamuuma.

Halikuwa likimuuma. Dada, mimi nililetwa mji huu ndani ya machela yenye mapazia, na tangu siku ile nilikuwa sijaona hata mgomba mzima, ila majani yanayochungulia juu ya ukuta. Othman alikuwa amenisimulia kila kilima kwa jina, na kijito, na mtoma mkubwa ulio kando yake, ule mti ambao wenyeji huvua gome lake kutengeneza nguo. Akasema nyumba iko tupu, na wawindaji wamekwenda upande wa mbali. Nilijua nikionekana itakuwaje. Nilikwenda. Nilivaa zile leso mpya zenye madoa mekundu na manjano alizonitunza Shemeji, nikazifukiza udi mara mbili, maana hata akitoka kwa siri bibi harusi hatoki na nguo za jikoni.

Tulipita katikati ya migomba tukashika mikono kama watoto. Tukaketi chini ya ule mtoma, akanimenyea kiazi cha kuchoma, akanionyesha kilima kimoja baada ya kingine, na mimi sikukitazama hata kimoja kwa sababu nilikuwa namtazama yeye mchana kwa mara ya kwanza. Ana alama ndogo kwenye unyusi wa kushoto. Usiku haionekani.

Ndipo tukamsikia Masikio. Othman akafurahi, akanieleza kwamba sauti ile maana yake amempata nguruwe, nisikie mbwa wake anavyofanya kazi. Sauti ikakaribia. Akaendelea kunifundisha kwamba katika windo mnyama siku zote hutangulia mbele ya mbwa. Sauti ikakaribia zaidi. Hapo mume wangu akanyamaza, akafikiri, akaona kwamba ikiwa mbwa anakuja kwetu na nguruwe yu mbele ya mbwa, basi nguruwe anatufikia sisi kwanza. Akaninyanyua juu ya mti kabla sijauliza kitu, akapanda nyuma yangu, akanishika kifundo cha mguu nisianguke. Sijawahi kupendwa namna ile. Tukangoja nguruwe.

Hakuja nguruwe. Alikuja Masikio peke yake, pua chini, akazunguka mti, akasimama kwa miguu ya nyuma akaegemea shina, akatuinulia yale macho ya mazikoni na kupiga baragumu lake. Nyuma yake wakatokea wawindaji wote na mikuki. Mjomba Kaijage akaona madoa mekundu na manjano kati ya majani, akawanong'oneza kwa Kinyambo kwamba ni chui, mtu asitikisike. Mikuki ikapanda. Baba mkwe wangu, nyuma ya kichuguu, akaanza kutoa shahada.

Othman alitafuta la kusema. Ameishi na wageni wa kila namna dukani, lakini kwa jambo hili hapakuwa na maneno yaliyotayarishwa. Mwishowe akasema kutoka juu kwamba shikamoo mjomba. Na Mjomba Kaijage kwa mazoea akaitikia marahaba, mkuki ukiwa bado juu.

Sitaki kukueleza kicheko kile. Mwindaji mmoja akauliza alenge mwenye ndevu au mwenye leso. Mwingine akasema hajapata kusikia tumbo linalotibiwa juu ya mti. Mjomba akaketi chini, akamkumbatia mbwa, akacheka mpaka akatoka machozi. Mzee Shehe aligeuka akatazama upande wa kibla, nadhani kwa kutupa nafasi ya kushuka. Nilishuka, leso imechanika, majani kichwani, mbele ya wanaume wa vijiji viwili.

Mama mkwe alifika mbio kutoka kilimani. Hakupiga kelele. Alinifunika kwa nguo yake mwenyewe, akanipeleka nyumbani, akanikalisha, akatangaza uani kwamba utawa umeanza upya leo, Othman achukue mkeka wake aende dukani, na mbwa asubuhi aende Bukoba. Nililia ndani ya maziwa. Nilimsikia Othman akiukunja mkeka, dada, polepole, kama mtu anayekunja sanda.

Mjomba Kaijage akasema angoje kidogo na huo mkeka. Alikuwa ameketi uani na wawindaji wenzake, anatafuna buni. Akasema yeye ndiye mkuu wa windo, na windo halijagawanywa. Desturi yao ni moja tangu zamani, mnyama aliyeinuliwa mafichoni na mbwa ni wa mwenye mbwa, hata mkuki ukiwa wa mwingine, na hakuna atakayemnyang'anya, awe mtemi au awe mama yake. Leo kimeinuliwa kimoja tu. Mama mkwe akasema mkwewe si nguruwe. Mjomba akasema ni kweli kabisa, na desturi haikutaja nguruwe, imesema kilichoinuliwa. Wawindaji wakaitikia kwamba ndivyo.

Mama mkwe si mtu wa kushindwa upesi, naye ni binti wa wawindaji, desturi anaijua. Akasema sawa, lakini mbwa si wa Othman tena. Alimtoa kwa ulimi wake mbele ya wageni wa Ujiji, kwa hiyo mbwa ni wa Saleh wa Bukoba. Mimi ndani nikaona nimekwisha. Mjomba akatafuna buni yake akifikiri. Kisha akasema kwa masikitiko kwamba dada yake amesema haki, na kwa kuwa mbwa ni wa Saleh wa Bukoba, basi na bibi harusi ni wa Saleh wa Bukoba, wamfungie safari pamoja na mbwa.

Ndiyo, dada. Ungenipata kuwa mke mwenzio.

Hapo Mzee Shehe akaruka kutoka barazani. Akasema hilo haliwezekani kabisa, ni haramu iliyo wazi, ndugu wawili hawakai kwa mume mmoja, na hatakubali nyumba yake ipeleke haramu Bukoba. Mjomba akamuuliza kwa adabu sana, sasa shemeji, mbwa ni wa nani? Na baba mkwe wangu, aliyeapa mbele ya wageni wa heshima kwamba mnyama yule hatakaa kwake, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia kwamba mbwa ni wa Othman, amekuwa wa Othman, na atabaki wa Othman, na sheria imeruhusu mbwa wa windo. Mtu mmoja akauliza amewinda nini. Mzee akasema amewinda mkwe, tuendelee.

Mama mkwe aliingia ndani kwangu akafunga mlango. Nilidhani ananijia kwa fimbo. Akakaa chini kando yangu, mabega yanatikisika, na nilipomtazama niliona anacheka kwa kuuma leso yake asisikiwe nje. Alipopata pumzi akasema windo likigawanywa lazima liliwe, na bibi harusi aliyeonwa na vijiji viwili hana tena cha kufichwa. Jioni ile ile wakanitoa rasmi. Walichinja mbuzi wawili, wawindaji wakapewa mapaja yao, na mkeka wa Othman ukarudi ulikotoka.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu langu kwa Shemeji, na umsomee vizuri. Masikio hawezi kuwa wake. Si kwa uchoyo. Siku mbwa huyu atakapobadilisha bwana, na mimi nimebadilisha, na Mjomba Kaijage ana mashahidi wenye mikuki. Othman amepokea masharti yote ya baba yake, banda liko nyuma ya migomba, bakuli ni la peke yake, na mtungi wa maji ya kijito anaubeba mwenyewe kila asubuhi huku anaimba. Kama kwenu mna nafasi ya mbwa wa kunusa, na mtu wa kumtembeza, na hamna siri, tafuteni mwingine. Kama ni ghala tu, Shemeji anunue kufuli.

Msalimie Mama, umwambie nimenenepa, hilo halina ubaya akilisikia. Wabusu watoto. Mama mkwe anawatumia kibuyu cha samli, na Mzee Shehe anamsalimu Shemeji Saleh kwa heshima kubwa, ila tangu siku ile hataki kulitaja jina lake kwa sauti.

Na kwa kuwa bibi harusi aliyetolewa hupelekwa kuwasalimu wazazi wake, Othman ameshapata wachukuzi, nasi tunakuja Bukoba sote watatu, mimi, mume wangu, na mwenye masikio. Weka samaki wakavu juu kabisa, dada, maana tutakuwa kwenu kabla ya mwezi huu kwisha.

Mdogo wako akupendaye,
Shufaa binti Feruzi,
mke wa Othman